Kupima ukosefu wa uhakika wa chakula katika kaya: namna ya kuhamisha dodoso kutoka jamii moja hadi nyingine

Mkutano Mkuu wa Chakula Duniani uliofanyika Roma mwaka 1996 ulieleza kwamba uhakika wa chakula upo pale ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, kinachokidhi mahitaji yao ya mwili na mapendeleo yao, ili waishi maisha yenye nguvu na afya. Maelezo hayo yanawafaa watunga sera, lakini hayamwambii mdadisi aulize nini baada ya kupiga hodi na kukaribishwa ndani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa dodoso lililotungwa kwingine, kwa lugha nyingine, na ambaye anatakiwa kulitumia katika jamii ambayo watunzi wake hawakuwahi kuifikiria.

Kinachohamishwa si maneno ya swali bali uzito wake. Maswali ya vipimo hivi yamepangwa kama ngazi: swali la kuhofia kwamba chakula kitaisha liko chini, swali la kula chakula duni liko katikati, na swali la kushinda bila kula siku nzima liko juu kabisa. Tafsiri ikililegeza swali la juu hata likawa jepesi, kaya nyingi zitajibu ndiyo, na takwimu zitaonyesha njaa kali mahali ambapo haipo, ingawa hakuna mtu aliyesema uongo. Hatua zote zinazofuata zinalenga kuzuia jambo hilo.

Hatua ya 1: Amua unachotaka kujua, kisha chagua kipimo

Vipimo ni vingi na havijibu swali moja. Alama ya ulaji inayotumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huhesabu siku ambazo kaya imekula kila kundi la chakula katika siku 7 zilizopita, na hivyo huonyesha kilichofika mezani. Faharisi fupi ya mbinu za kukabiliana na upungufu huuliza kuhusu mbinu 5, pia katika siku 7, na kila mbinu hupewa uzito wake: kula vyakula vya bei nafuu au visivyopendwa sana huhesabiwa 1, kupunguza kiasi cha chakula katika mlo 1, kupunguza idadi ya milo 1, kukopa chakula au kutegemea msaada wa ndugu na jamaa 2, na watu wazima kujinyima ili watoto wale 3. Vyote viwili ni muhimu, lakini havimuulizi mtu amepitia nini.

Vipimo vya mapito, ambavyo ndivyo mada yetu, humuuliza hivyo hasa. Kinachojulikana zaidi katika miradi ya maendeleo ni HFIAS, chenye maswali 9 kuhusu wiki 4 zilizopita, ambacho mwongozo wake wa mwaka 2007 ulitolewa na mradi wa FANTA wa Marekani. Kutoka humo kilizaliwa HHS, kipimo cha njaa chenye maswali 3 tu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lina FIES yenye maswali 8 ya ndiyo au hapana, ambayo tangu mwaka 2014 imekuwa ikiulizwa katika nchi nyingi duniani na ndiyo inayotumika kwa kiashiria 2.1.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kile kinachoonyesha kiwango cha ukosefu wa uhakika wa chakula wa kati au mkali. Nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi zina ELCSA, yenye maswali 15, ambayo 7 kati yake huulizwa tu pale ambapo kaya ina watoto.

Ikiwa lengo ni kulinganisha nchi na nchi, au kabila na kabila ndani ya nchi, chagua FIES au HHS. Ikiwa unafuatilia kaya zilezile za eneo moja kabla na baada ya mradi, HFIAS inatosha na inatoa maelezo mengi zaidi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la watu kuchagua kipimo kirefu kwa kudhani kwamba wingi wa maswali ni wingi wa ukweli, halafu wanashindwa kuvilinganisha vikundi walivyotumwa kuvilinganisha.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kuuliza

Vipimo hivi havikuanzia katika kompyuta za watakwimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliketi na wanawake wa jimbo la New York waliokuwa wamepitia njaa na kuwaacha wasimulie. Katika masimulizi hayo walisikia mambo manne: wasiwasi wa chakula kuisha, chakula kuwa duni au cha aina moja, chakula kutotosha, na aibu ya kukipata kwa njia zisizokubalika katika jamii. Kazi hiyo, pamoja na nyingine za wakati huo, ndiyo iliyozaa dodoso la maswali 18 ambalo Marekani ilianza kulitumia katika uchunguzi wake wa kitaifa mwaka 1995. Mwaka 2006 watafiti waliokusanya vipimo na masimulizi kutoka nchi 15 walikuta mambo hayohayo yakijirudia, ingawa sura zake zilitofautiana. Kwa hiyo una sababu ya kuamini kwamba mifupa ya dodoso itaifaa jamii yako, lakini huna sababu ya kuamini kwamba nyama na ngozi yake zitafaa.

Anza, basi, na mazungumzo ya vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, na ongeza mahojiano ya faragha na watu wanaoshughulika na jiko la kaya kila siku. Usilete dodoso katika mazungumzo hayo. Omba wasimulie mara ya mwisho mambo yalipokuwa magumu nyumbani: kitu gani kilibadilika kwanza, kipi kilifuata, na kipi hukifanya mtu pale tu anapokuwa ameishiwa kabisa. Andika maneno yao kama walivyoyatamka, kwa sababu ndiyo yatakayokuokoa wakati wa tafsiri. Baadaye andika kila kitendo kwenye kadi, kisha uwaombe washiriki wazipange kadi hizo kuanzia jambo jepesi hadi zito. Mpangilio wao ukipingana na ngazi ya dodoso, umepata onyo la mapema ambalo vinginevyo ungelipata baada ya kumaliza fedha zote za uwandani.

Katika hatua hii pia uliza neno "chakula" linamaanisha nini. Katika lugha nyingi duniani neno hilo hubeba kwanza chakula kikuu cha kushibisha, na kitoweo huhesabiwa kuwa kitu kingine. Mtu anayefikiri hivyo anaweza kusema hakuwa na chakula wakati alikula kitu kingine akashiba, au akasema alikuwa nacho wakati hakuwa na chochote cha kukisindikizia.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya maana

Kabla mtafsiri hajaigusa kazi, tengeneza karatasi yenye mstari mmoja kwa kila swali: swali hili linapima nini, nani anayehusika, sababu ipi lazima itajwe, na kitu gani kisihesabiwe. Kwa swali la FIES kuhusu kuacha mlo, kwa mfano, karatasi ingesema hivi: linapima kuacha mlo ambao mtu angeula kwa kawaida, sababu ni kukosa fedha au njia nyingine ya kupata chakula, na usihesabiwe mlo ulioachwa kwa ajili ya ibada ya kufunga, ugonjwa, shughuli nyingi au nia ya kupunguza uzito.

Karatasi hii ndiyo mahali pa kuweka mpaka. Mifano ya vyakula inaweza kubadilishwa, na maelezo ya neno kaya pia. Visivyobadilishwa ni idadi ya maswali, mpangilio wake, sababu inayotajwa, na muda unaoulizwa. Ukiviondoa hivyo unatunga kipimo kipya, jambo ambalo si kosa, ila itakubidi ukipe jina lake na ukithibitishe upya.

Hatua ya 4: Tafsiri, kisha ijaribu tafsiri kwa ukali

Chunguza kwanza kama tafsiri rasmi ipo, kwa sababu FAO imechapisha FIES katika lugha nyingi. Kama haipo, waajiri watafsiri wawili wanaofanya kazi bila kuonana, kisha waketi pamoja na mtaalamu wa lishe na angalau mtu mmoja ambaye maisha yake ya kila siku ni ya lugha hiyo wala si ya ofisini. Kurudisha tafsiri katika lugha ya asili kwa mtu wa tatu ni ukaguzi mzuri wa maneno yaliyodondoka, lakini hakuthibitishi uelewa. Tafsiri ya neno kwa neno hurudi vizuri sana katika lugha ya asili hata pale ambapo msikilizaji wa kawaida hakuambulia kitu.

Nitatumia Kiswahili kuonyesha namna mitego inavyojificha, kwa kuwa msomaji anaweza kuipima mwenyewe.

Neno "njaa" linabeba mambo matatu: hisia ya tumbo kabla ya mlo, ukosefu wa chakula nyumbani, na baa linaloikumba nchi. Ukimuuliza mtu kama aliwahi kuwa na njaa katika mwezi mmoja, atakuona hujui unachouliza, kwa sababu kila mtu huwa na njaa kabla ya kula. Swali la FIES linalohusu kuwa na njaa lakini mtu asile lina sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Isimezwe na ya kwanza.

Kitenzi "kukosa" nacho ni cha kuchunga. "Nilikosa chakula cha mchana" husemwa na aliyeishiwa na pia aliyechelewa kazini. Kwa hiyo kila swali lirudie sababu, hata kama masikio ya mwandishi yanachoka na marudio hayo. Na sababu yenyewe isitafsiriwe kwa neno "rasilimali", ambalo humpeleka msikilizaji kwenye misitu na madini. "Kwa sababu ya kukosa fedha au njia nyingine ya kujipatia chakula" ni ndefu zaidi, lakini inaeleweka na mkulima anayekula alichovuna sawasawa na mtu anayenunua kila kitu.

"Kulala njaa" ni msemo ulio hai, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtu anaweza kusema "sisi tunalala njaa" akimaanisha kwamba maisha ni magumu, bila kurejelea usiku wowote mahususi. Swali la HFIAS linahitaji usiku halisi. Dawa yake ni kuuliza: je, kuna usiku wowote katika wiki 4 zilizopita ambao wewe au mtu mwingine wa kaya hii alikwenda kulala akiwa na njaa kwa sababu chakula hakikutosha?

Swali la juu kabisa la kipimo hicho, la kukaa mchana na usiku bila kula, lina mtego wa hesabu ya siku. Wapo wazungumzaji wanaohesabu siku kuanzia machweo, kiasi kwamba usiku unaotajwa pamoja na siku fulani ndio ule unaoitangulia. Neno "siku nzima" peke yake huweza kueleweka kama mchana tu. "Mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote" huondoa utata huo kwa maneno ambayo lugha yenyewe ilikuwa nayo tayari.

Muda nao una mtego wake, kwa sababu "mwezi uliopita" kwa wengi ni mwezi wa kalenda uliokwisha, ilhali unachotaka ni siku 30 zinazoishia leo. Ni salama zaidi kutaja tukio linalojulikana na wote, la karibu na siku ya kwanza ya kipindi hicho, na kuuliza kuanzia hapo mpaka leo.

Viambishi vya nafsi havipaswi kupuuzwa. "Ulipunguza kula" humhusu anayejibu, na "mlipunguza kula" huihusu kaya, ila pia huweza kusikika kama adabu kwa mtu mmoja. FIES inaweza kuulizwa kwa mtu binafsi au kwa kaya nzima, na makadirio ya aina hizo mbili hayachanganywi. Ukichagua kaya, taja waziwazi "wewe au mtu mwingine yeyote wa kaya hii", na eleza kaya ni akina nani: kwa kawaida ni wale wanaokula chungu kimoja, hata kama hawalali nyumba moja.

La mwisho katika orodha hii, ingawa si la mwisho katika lugha: epuka maswali ya kukanusha. Mtu akiulizwa "Hukula?" akajibu "Ndiyo", amekubali kwamba hakula, ilhali katika lugha nyingine jibu hilohilo lingekuwa na maana iliyo kinyume. Dodoso lenye maswali ya aina hiyo likiulizwa katika lugha mbili litatoa majibu yaliyogeuzwa, na hakuna modeli ya takwimu itakayoyanyoosha.

Hatua ya 5: Pima uelewa kwa mahojiano ya polepole

Chagua watu 10 hadi 15 kwa kila lugha, wenye elimu na hali tofauti, na uwaulize dodoso lote. Baada ya kila jibu, mwombe mhojiwa aeleze kwa maneno yake swali lilikuwa linauliza nini, alifikiria tukio gani, na alihesabu kuanzia lini. Usiulize "umeelewa?", kwa kuwa jibu la heshima huwa ni ndiyo. Sikiliza hasa wanaojibu ndiyo kwa swali zito na hapana kwa maswali mepesi yaliyolitangulia: aidha swali limeeleweka vibaya, au umekutana na maisha ambayo ngazi haikuyatazamia. Rekebisha, kisha urudie na watu wengine. Mzunguko mmoja hautoshi karibu kamwe, na pale fedha zinapopungua ningependelea kupunguza ukubwa wa sampuli kuliko kuiruka hatua hii.

Maneno ya marudio yanahitaji uangalifu uleule. HFIAS huuliza kama jambo lilitokea, kisha mara ngapi, na majibu yake matatu yana tarakimu: mara 1 au 2, mara 3 hadi 10, na zaidi ya mara 10 katika wiki 4. Mdadisi azitaje tarakimu, kwa sababu "mara chache" na "mara kwa mara" ni mizani ambayo kila mtu ameitengeneza nyumbani kwake.

Swali la wasiwasi ndilo hubadilika zaidi kutoka jamii moja hadi nyingine. "Wasiwasi" wenyewe unaweza kusikika kama hali ya akili au udhaifu wa imani, na mhojiwa akaukana kwa sababu hataki kuonekana ana mashaka na riziki yake. Jaribu "kuhofia kwamba chakula kitaisha kabla hujapata kingine" na ulinganishe majibu.

Hatua ya 6: Waandae wadadisi kwa ajili ya aibu

Mwulize mtu anayeshughulika zaidi na upatikanaji na upishi wa chakula, ambaye si lazima awe mkuu wa kaya. Mwulize faraghani. Watu hujisitiri, na mbele ya jirani au mkwe hata kaya iliyolala bila kula itasema mambo ni mazuri. Kinyume chake pia hutokea: pale ambapo madodoso yamewahi kufuatwa na ugawaji wa misaada, majibu huongezewa chumvi. Utangulizi wa mdadisi useme wazi kwamba majibu hayataipa kaya msaada wala kuinyima.

Mafunzo yachukue siku kadhaa na yahusishe kuigiza mahojiano katika kila lugha itakayotumika. Mdadisi asitafsiri papo kwa papo. Jambo hili huvunjwa kirahisi sana, kwa sababu mdadisi mwenye huruma akiona mhojiwa ameduwaa hulifafanua swali kwa maneno yake mwenyewe, na kufikia jioni una madodoso mengi kuliko ulivyoandika. Mpe ufafanuzi ulioandikwa, umruhusu kuusoma huo tu.

Kuhusu watoto, maswali yao huulizwa kwa mtu mzima anayewalea, na huulizwa mwishoni. Hayo ndiyo yanayouma zaidi.

Hatua ya 7: Jaribio la awali na kazi ya uwandani

Fanya jaribio katika kaya kadhaa zisizo kwenye sampuli, angalia muda wa mahojiano na maswali yanayoachwa bila jibu, kisha funga dodoso. Ukishalifunga usilibadilishe tena. Panga kazi yako kwa kuzingatia msimu: muda wa siku 30 uliopimwa kabla ya mavuno haulinganishwi na ule uliopimwa ghala zikiwa zimejaa, na ndiyo maana FIES hutumia miezi 12 pale inapotaka picha ya mwaka. Kila jioni msimamizi atazame majibu ya kila mdadisi. Mdadisi ambaye kaya zake zote zimejibu hapana kwa maswali yote anahitaji kufuatwa siku inayofuata, si mwisho wa mwezi.

Hatua ya 8: Hesabu, na kabla ya kuamini hesabu, ikague

Kwa HFIAS, kila swali hupata 0 hadi 3, na jumla huwa kati ya 0 na 27. Makundi manne ya kaya, kuanzia lenye uhakika wa chakula hadi lenye ukosefu mkali, hayatokani na jumla hiyo bali na swali lililojibiwa: kaya iliyojibu ndiyo kwa lolote kati ya maswali matatu ya mwisho, hata kwa mara moja tu, huingia katika kundi kali, na vivyo hivyo iliyopunguza kiasi au idadi ya milo zaidi ya mara 10. Kwa HHS, maswali hayo matatu ya mwisho hupewa 0 kama jambo halikutokea, 1 kama lilitokea mara 1 hadi 10, na 2 kama lilizidi hapo. Jumla ya 0 au 1 ni njaa kidogo au hakuna, 2 au 3 ni njaa ya kati, na 4 hadi 6 ni njaa kali.

Kwa FIES ukaguzi hufanywa kwa modeli iliyotungwa na mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, na kuchapishwa mwaka 1960. Wazo lake linaelezeka bila kanuni: uwezekano wa mtu kujibu ndiyo hutegemea tofauti kati ya ukali wa hali yake na uzito wa swali, na si kitu kingine. Programu hukadiria uzito wa kila swali kutokana na majibu yenyewe. Waliojibu hapana kwa yote au ndiyo kwa yote hawachangii makadirio hayo, hivyo sampuli kubwa mahali penye shibe inaweza kukupa data kidogo sana ya kuthibitishia.

Angalia mambo matatu. Kwanza, takwimu ya ulinganifu wa ndani wa kila swali, yaani jinsi majibu yake yanavyoifuata modeli: kati ya 0.7 na 1.3 swali linakubalika. Likizidi, watu wanalijibu bila mpangilio, na mara nyingi chanzo ni tafsiri. Pili, uaminifu wa kipimo kizima, ambao kwa maswali 8 hutarajiwa kufikia 0.7 au zaidi. Tatu, mpangilio wa uzito wenyewe. Gawa data kwa lugha, kwa jinsia ya anayejibu, kwa mjini na kijijini, na ukadirie uzito upya kwa kila kundi. Swali linaloruka ngazi katika kundi moja na kutulia katika jingine linapima kitu tofauti katika makundi hayo. Rudi kwenye karatasi ya maana na kumbukumbu za hatua ya 5, kwa sababu maelezo yake karibu daima yamo humo.

Mbali na modeli, tazama kama kipimo kinaenda pamoja na mambo yanayotarajiwa: kaya zenye mali kidogo na vyakula vya aina chache ziwe na alama kubwa zaidi. Zisipokuwa nazo, usitangaze chochote.

Hatua ya 9: Linganisha kwa masharti

HFIAS ilipofanyiwa uchunguzi kwa data za Kenya, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Afrika Kusini na maeneo ya Wapalestina, ilionekana kwamba ni maswali 3 tu ya mwisho, yale ya njaa kali, yaliyobeba uzito unaofanana vya kutosha katika jamii zote hizo. Ndiyo sababu ya HHS kuwapo. Gharama yake ni kwamba HHS haioni wasiwasi wala ulaji duni, na katika nchi ambako njaa kali ni adimu itakupa karibu sifuri hata pale ambapo kaya nyingi zinahangaika.

FIES inalitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Uzito wa maswali uliopatikana katika data yako husogezwa na kunyooshwa ili ulingane na kigezo cha dunia, yaani uzito wa pamoja wa maswali hayohayo unaotumiwa kwa nchi zote, kwa kutumia yale maswali tu yanayokaa mahali pamoja. Swali lililohama huachwa nje ya ulinganishaji, ingawa hubaki katika kuzipima kaya zako. Mipaka ya kuanzia hali ya kati na hali kali huwekwa kwenye uzito wa maswali mawili ya kigezo hicho: kula pungufu kuliko mtu alivyoona inafaa, na kushinda siku nzima bila kula. Kwa hiyo haifai kuhesabu tu waliojibu ndiyo mara 4 au zaidi na kuiita idadi hiyo kiashiria 2.1.2. Alama 4 katika lugha moja inaweza kuwa sawa na alama 5 katika nyingine.

Hatua ya 10: Andika ripoti ambayo mwingine anaweza kuikagua

Taja kipimo, muda ulioulizwa, msimu, nani alijibu, na kama takwimu ni za watu au za kaya, kwani asilimia ya kaya hailingani na asilimia ya watu pale ambapo kaya kubwa ndizo zenye shida zaidi. Usiandike kwamba umepima utapiamlo au kiasi cha nishati kinacholiwa, maana hukupima hivyo.

Katika kiambatisho weka dodoso la mwisho katika kila lugha iliyotumika, karatasi ya maana, uzito wa kila swali kwa kila kundi, na orodha ya maneno uliyoyajaribu ukayakataa pamoja na sababu ya kuyakataa. Orodha hiyo hukatwa mara nyingi kwa kisingizio cha nafasi. Mtafiti atakayekuja baada yako na lugha hiyohiyo ataihitaji kuliko majedwali yako yote, kwani bila hiyo ataanza tena na "rasilimali" na "mwezi uliopita".